Begi la paka lenye kuba: la safari fupi, si la kumfichia paka gesti

Wengi mmeshaliona: begi la mgongoni lenye ganda gumu, na mbele lina kuba la plastiki angavu ambalo paka hulifanya dirisha lake. Watu wanalinunua kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kumbeba paka safarini. Ya pili haitajwi dukani, lakini huulizwa sana kila likizo inapokaribia: kumpitisha paka mapokezini katika nyumba au gesti iliyoandika wazi kwamba wanyama hawaruhusiwi. Tunalipima hapa kwa kazi zote mbili, tukiwaza zaidi pwani ya Kenya na Zanzibar, kwa kuwa huko ndiko wengi hukimbilia mwisho wa mwaka. Kazi ya kwanza linaiweza kwa masharti. Ya pili tunawaomba muiache kabisa, na tutaeleza kwa urefu ni kwa nini.

Tuanze na umbo. Mengi ya mabegi haya yana kimo cha sentimita 40 hadi 45, upana wa 30 hivi na kina cha 25 hadi 28. Likiwa tupu lina kilo moja na kitu. Kasoro kubwa iko chini, kwenye sakafu yake. Paka mzima wa kilo 4, ukimpima kutoka kifuani hadi shina la mkia, hufika sentimita 30 au zaidi, kwa hiyo humo ndani anaweza kukaa na kujikunja lakini hawezi kujinyoosha. Kwa nusu saa si neno. Kwa basi la Nairobi hadi Mombasa, karibu kilomita 480 na saa nane au zaidi barabarani, ni mateso. Safari ya namna hiyo inataka sanduku la plastiki la kawaida, lenye urefu wa sentimita 48 au zaidi, mlango wa waya, na paa linalofunguka ili umtoe paka kwa juu bila kumvuta. Halina sura ya kupendeza, lakini hakuna kitu bora kilichopatikana bado.

Kasoro ya pili ni hilo kuba lenyewe. Plastiki angavu hupitisha mwanga wa jua na kuzuia joto lisitoke, na vitundu vilivyozunguka ukingo wake havitoshi kuliondoa. Mchana wa Februari au Machi Mombasa hufika nyuzi 32 au 33. Joto la kawaida la mwili wa paka ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, likifika 40 yuko hatarini. Paka hatoki jasho mwilini kama sisi, isipokuwa kidogo nyayoni, na hupoa kwa kujilamba mate. Ukimwona anahema mdomo wazi kama mbwa, usingoje kituo kinachofuata: mtoe juani, mloweshe nyayo na masikio kwa maji ya kawaida, yasiwe ya barafu, na umtafute daktari wa mifugo. Ndiyo maana tunasema usinunue begi ambalo kuba lake halifunguki. Mazuri huja na kipande cha wavu cha kuweka mahali pake, na wavu huo ndio wa kusafiria. Kuba liache kwa mvua.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio matatu hapo hapo dukani. Tia ndani mfuko wa unga wa kilo 5, livae dakika kumi, uone kama kitako kinabonyea na kama mikanda inachezacheza kwenye mishono. Kisha funga zipu na uisukume kwa ndani kwa kidole, kwa sababu paka hufanya hivyo hivyo kwa pua. Zipu isiyo na kishikizo cha kuifungia hufunguka. Mwisho angalia kamba fupi ya ndani yenye kulabu. Hiyo hufungwa kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si kwenye ukosi wa shingoni. Paka akiruka huku kafungwa shingoni, anajinyonga.

Paka naye anahitaji mazoezi, na hapa ndipo wengi huharakisha. Liweke begi wazi sebuleni wiki mbili au tatu kabla, likiwa na nguo yenye harufu ya nyumbani, na umpe chakula humo. Akizoea kuingia mwenyewe, funga dakika moja, kesho yake tano, baadaye kumi na tano, kisha tembea naye. Siku ya safari mnyime chakula saa nne hadi sita kabla ili asitapike. Maji kidogo mpe. Doti ya kanga ina kazi nzuri sana hapa. Kipande kimoja funika begi, kwa kuwa ni chepesi na hewa inapita, na paka asiyeona watu hutulia. Kipande cha pili mlazie siku kadhaa kabla ya kuondoka, kisha ukitandike anapofikia, akute harufu yake ugenini. Kama ni mwenye hofu sana, daktari wa mifugo anaweza kumwandikia dawa ya kumtuliza, ya kumpa muda wa saa mbili hivi kabla ya kuondoka. Usimpe dawa za binadamu kwa kukisia. Panadol, hata nusu kidonge, inaweza kumwua.

Kwa kuvuka feri ya Likoni pale Mombasa, kwa tuktuk ya kutoka stendi, kwa safari ya kwenda kliniki, begi hili ni zuri kweli. Mikono yako inabaki huru na paka hapigwi magoti na abiria.

Sasa kazi ya pili

Anayelinunua ili kumficha paka huwaza mapokezi tu: dakika tano za kutoa kitambulisho, kupokea ufunguo na kupanda ngazi. Kwenye hoteli kubwa za pwani ya Kenya hata dakika hizo hazifiki, kwa kuwa begi hukaguliwa getini, ama kwa mkono wa askari ama kwa mashine ya kumulika mizigo. Hakuna anayepaswa kumpitisha mnyama kwenye mashine hiyo, na askari akisema fungua, utafungua.

Kwenye nyumba za kupanga na gesti ndogo getini unapita. Kinachofuata ni usiku. Paka huchangamka zaidi jioni na alfajiri, na paka aliye ugenini hulia. Nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe zimejengwa kwa kuzunguka ua wa ndani, madirisha mengi yana mbao bila vioo, na sauti hupanda kutoka chumba hadi chumba. Saa tisa za usiku mlio wa paka aliyefungiwa bafuni husikika na kila aliyelala ghorofani.

Asubuhi mhudumu wa usafi anafungua mlango kwa ufunguo wake. Hajui kuna mnyama, kwa hiyo anauacha wazi huku akibeba mashuka. Paka anatoka. Hii ndiyo ajali ya kawaida kuliko zote, na ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu paka aliyepotea katika mji asioujua hatafuti njia ya kurudi, hujichimbia mahali penye giza akanyamaza kimya. Kama nyumba ni ya makuti, hupanda kwenye boriti na kuingia ndani ya paa, na hakuna wa kumtoa huko. Nje anakutana na paka wa mjini, ambao Lamu ni wengi mno, na madume yao hupigana. Paka asiyechanjwa anaweza kurudi na magonjwa ya mapafu, ya matumbo, au ya kinga ya mwili yanayoambukizwa kwa kung'atwa.

Kuna hatari nyingine ambayo watu hawaifikirii. Mwenye nyumba anayejua hana mnyama ndani huweka sumu ya panya chini ya kitanda, nyuma ya kabati na juu ya kuta za makuti. Sumu nyingi za siku hizi huzuia damu isigande, na dalili hazionekani siku hiyo hiyo. Huja baada ya siku tatu hadi tano, wakati mmesharudi nyumbani na hakuna anayekumbuka gesti. Kadhalika hupiga dawa ya mbu na mende mkiwa mmetoka kwenda baharini. Dawa nyingi za aina hiyo zina pemethrini au ndugu zake, ambazo binadamu na mbwa huzihimili lakini maini ya paka hayawezi kuzivunja. Paka huanza kutetemeka, kisha kushikwa na degedege. Laiti mwenye nyumba angejua, sumu ingeondolewa na dawa isingepigwa. Kuficha ndiko kunakomweka paka hatarini.

Kinachobaki mkishaondoka

Wafichaji wengi ni watu wasafi, na huamini kwamba wakifagia vizuri hakuna atakayejua. Tatizo ni kwamba ufagio hauondoi mambo makubwa.

Mkojo wa paka una asidi ya yuriki, ambayo hukauka ikawa chembechembe zisizoyeyuka kwa maji na sabuni. Ukiosha leo, harufu inaondoka. Siku ya unyevunyevu, na pwani siku hizo ndizo nyingi, inarudi. Kwenye sakafu ya vigae unaweza kuishinda, lakini nyumba za pwani zina mikeka ya ukindu, vitanda vya kamba, magodoro mazito na kuta za chokaa, vyote vyenye kunyonya. Dawa inayofaa ni ile ya vimeng'enya inayouzwa kwa ajili ya mkojo wa wanyama: kausha kwanza kwa kitambaa kwa kubonyeza, usisugue, mwagia dawa hadi ifike mkojo ulipofika, iache ikauke yenyewe. Usitumie Jik. Ikikutana na amonia ya mkojo hutoa moshi unaochoma mapafu. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu husaidia kwenye vigae, ila usiipeleke karibu na ukuta wa chokaa wala sakafu ya marumaru, kwa sababu inakula mawe hayo na kuacha doa ambalo halifutiki tena.

Mchanga wa choo cha paka nao husaliti. Ule unaoshikamana ukilowa ni udongo mfinyanzi, na anayeumwaga chooni ili asionekane na mfuko wa taka huziba bomba, maana huvimba humo ndani. Fundi akifungua bomba, siri imekwisha.

Halafu vyandarua. Paka huona chandarua kilichoning'inia ni kitu cha kupanda, na kucha hukitoboa. Mgeni wa baadaye hagundui matundu hadi ameshaumwa na mbu usiku kucha, katika ukanda wenye malaria.

Viroboto ndio wenye subira kuliko wote. Jike mmoja hutaga mayai kama 40 kwa siku, hayashiki kwenye manyoya bali huanguka popote paka alipolala. Katika joto na unyevu wa pwani yanaweza kuwa viroboto wazima ndani ya wiki tatu hivi, lakini wakiwa kwenye vifukofuko vyao wanaweza kungoja miezi hadi wasikie mtikisiko wa nyayo na joto la mwili. Nyumba ikikaa tupu, wanatulia. Familia inayofuata ikiingia na watoto, wanatoka kwa pamoja. Kwa hiyo paka apewe dawa ya viroboto siku kumi na nne kabla ya safari yoyote, kwa ruhusa au bila ruhusa, na iwe ya paka. Dawa ya matone ya mbwa yenye pemethrini humwua paka.

Na kuna wasioweza kuvumilia paka hata akiwa hayupo. Protini inayowaletea watu mafua na pumu hutoka katika mate na ngozi ya paka, hunata kwenye magodoro, mito na mapazia, na inaweza kuchukua miezi minne hadi sita kupungua baada ya paka kuondoka. Wako wageni wenye watoto wa pumu wanaochagua nyumba kwa sababu tu imeandikwa haina wanyama. Wakilala kwenye godoro lile, hawatajua ni nini kilichowapata.

La mwisho katika hili, na ni zito. Mhudumu akikwaruzwa au kung'atwa na paka aliyejificha chini ya kitanda, swali la kwanza ni kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao bado uko Kenya na Tanzania na ambao dalili zikishajitokeza takriban hakuna anayepona. Anapaswa kuosha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 na kuanza chanjo siku hiyo hiyo, kisha siku ya 3, ya 7 na kuendelea. Paka au mbwa anayejulikana, mwenye kadi ya chanjo, anaweza kuangaliwa siku 10, na akibaki mzima hofu huisha. Mgeni aliyeondoka na siri yake amemwachia mfanyakazi gharama, sindano na usingizi usiokuja. Kwa maoni yetu hili peke yake linatosha.

Mbwa ni habari nyingine

Begi hili pia huuziwa wenye vijibwa vya kilo 3 au 4. Kwa mbwa tunakuwa wakali zaidi. Waislamu wengi wa pwani, Lamu hadi Unguja, hufuata madhehebu ya Shafi, na humo mate ya mbwa na mguso wake wa majimaji ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Fikiria maana yake kwa mwenye nyumba ambaye familia yake husalia kwenye mikeka ile ile unayokanyaga. Akijua, ana kazi ya kuosha nyumba nzima. Asipojua, umemharibia ibada yake bila ridhaa yake, na hilo halirudishwi kwa fedha. Paka hana kizuizi hicho. Ni msafi kwa mujibu wa sheria ya dini na anapendwa misikitini na majumbani. Kwa sababu hiyo mwenye paka anayeuliza kwa uwazi ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani.

Ndani ya hifadhi za wanyamapori msiulize kabisa, kwa mbwa wala paka. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaojulikana zaidi kwa mbwa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, wapatao 1,000, na ulihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi.

Namna ya kuomba

Kwenye Airbnb, mtandao wa kukodi nyumba, wanyama wana mstari wao pale unapojaza idadi ya wageni. Ujaze, na utaona nyumba zinazowakubali, nyingine zikiwa na ada yake. Kwa gesti na nyumba za mtu binafsi, andika ujumbe kabla ya kulipa, na uweke kila anachohitaji kujua ili asianze kukuhoji. Mfano:

"Habari za leo dada. Tunaomba nyumba yako kuanzia tarehe 20 hadi 26. Tuko watu wazima wawili na paka mmoja, jike wa miaka minne, kilo 3.8, amefungwa kizazi. Amechanjwa kichaa cha mbwa mwaka huu, picha ya kadi hii hapa. Choo chake tunakuja nacho na taka zake tutazitupa wenyewe. Atakaa chumba kimoja utakachotuonyesha, na hatutamwacha peke yake. Tuko tayari kuweka dhamana na kulipia usafi. Tunaomba pia utuambie kama kuna sumu ya panya ndani. Ikiwa haiwezekani, hatutakwazika, ila tujulishe mapema."

Akikubali, beba beseni la sentimita 40 kwa 30, mchanga wa kina cha sentimita 5, shuka lako la kufunika godoro, na kibao cha "usifungue" cha kutundika mlangoni. Mchanga wa pwani usiutumie: hauzuii harufu na unaweza kuwa na minyoo ya wanyama wengine. Kinyesi kitoe kila siku, kwa kuwa vimelea vya toksoplasma huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Mjamzito asiishike kazi hiyo.

Akikataa, mwache paka nyumbani, na jirani aje mara mbili kwa siku kumpa chakula, maji na kusafisha choo. Paka hushikamana na mahali kuliko watu wanavyodhani, na wiki moja nyumbani kwake humchosha kidogo kuliko wiki moja ufukweni.

Kwa alama, tunalipa begi hili nyota tatu na nusu kati ya tano kwa safari isiyozidi saa moja, nyota moja kwa safari ndefu. Kwa kuficha hatulipi nyota hata moja. Mkirudi kutoka pwani lisuuzeni kwa maji baridi, hasa zipu, kwa sababu chumvi ya hewa ya bahari huila haraka. Likikauka, pitisheni mshumaa mkavu juu ya meno ya zipu mara mbili tatu, ifunge na kufunguka bila kukwama.